Mkono Uliopaka Vioo

Katika gereji yetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tulimwita Manyunyu, kwa sababu akishika bunduki ya kupulizia rangi, rangi ilitoka kwake laini na sawasawa, bila kuacha tone wala doa. Mimi ni fundi umeme wa magari. Banda langu limepakana na lake, na tumefanya kazi ukuta kwa ukuta tangu sote tukiwa na nywele nyeusi. Mengi ya haya niliyaona kwa macho. Mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, mkewe akiwa pale pale, akimsahihisha kila alipojaribu kujipendelea.

Mwaka ule mkono wake wa kulia ulianza kumsaliti.

Asubuhi moja alikuwa anapulizia mlango wa gari la mwalimu mmoja. Nilisikia kompresa ikinguruma, kisha ikanyamaza, kisha nikasikia msasa. Nikachungulia. Manyunyu alikuwa anaiondoa rangi mbichi aliyoipaka muda si mrefu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Vipi tena, bwana?"

"Vumbi," akasema bila kugeuka. "Limeingia vumbi."

Siku hiyo hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Lakini mtu ukimjua miaka mingi, unajua pia pa kunyamaza. Nikarudi kwenye nyaya zangu.

Tangu hapo nikaanza kuona vitu. Alikuwa anabana kiwiko kwenye mbavu wakati wa kupulizia. Alikuja gereji kabla ya watu, amalize sehemu ngumu peke yake. Chai ya saa nne aliacha kunywa pamoja nasi, akisema tumbo linamsumbua. Siku moja nikamkuta nyuma ya gari bovu, amekishika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza, na bado chai ilikuwa inacheza. Tukatazamana. Akasema chai ni ya moto. Nikasema ni kweli, leo wameichemsha sana.

Sasa nikueleze kuhusu mkewe na binti yake, maana bila wao mkono ule ungebaki siri ya gereji.

Mkewe, shemeji yangu, alifanya kazi katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa, kule mwisho wa barabara yetu. Hakikuwa kiwanda kikubwa, lakini nusu ya nyumba za mtaani zilipika kwa sababu yake. Maji machafu ya kiwanda yalitoka kwa bomba nyuma ya ukuta na kuingia kwenye kijito. Wakitia buluu, kijito kilikuwa cha buluu. Wakitia nyekundu, ungedhani kuna mnyama kachinjwa. Na kule chini watu walinywesha mboga zao kwa maji hayo hayo. Walilalamika mpaka mkaguzi wa maji akaja, mtu mpole anayeongea polepole, akajaza chupa zake, na majibu yalipotoka akamwambia mama mwenye kiwanda: kabla ya mvua kuanza maji haya yawe safi, la sivyo nafunga mlango.

Binti wa kwanza wa Manyunyu alikuwa mkemia katika maabara ya maji. Jumapili moja akaja nyumbani, akasubiri wazazi wake wamalize kula, kisha akasema ana jambo.

"Baba, kuna unga mweupe wa madini, ndugu wa ule unaotiwa kwenye rangi ya ukuta. Ukiupaka kwenye kioo, utando mwembamba, ukauchoma kwenye tanuri mpaka ukashika, halafu ukapitisha maji juu yake penye jua, mwanga unauamsha. Ukiamka, unaikatakata ile rangi ya nguo iliyo ndani ya maji."

"Unaikatakata inakwenda wapi?" Manyunyu akauliza. Alikuwa mtu wa rangi. Hakuamini kwamba rangi inaweza kuondoka tu.

"Inavunjika vipande vidogo, na vile vidogo vinavunjika tena, mpaka ibaki hewa na maji na chumvichumvi. Tukiipa muda. Tukiiharakisha, rangi inapotea machoni lakini uchafu unabaki. Ndiyo maana lazima kupima, kutazama hakutoshi. Na tope zito halitapita kwenye vioo. Litatua kwenye mashimo kwanza, vioo vimalizie."

"Sasa mimi naingia wapi?"

"Utando ukiwa mnene unabanduka. Ukiwa mwembamba mno haufanyi kazi. Nataka mkono usiotetereka." Akatabasamu. "Wakubwa wangu walitaka kuagiza vioo kutoka mbali. Nimewaambia mkono huo ninao nyumbani."

Manyunyu alikuwa ameuficha mkono wenyewe chini ya meza, katikati ya magoti. Mkewe alikuwa anakusanya sahani, akasimama nazo kifuani, akimtazama.

"Sawa," Manyunyu akasema. "Lini?"

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli hapo hapo. Akanijibu, "Ningesemaje, bwana? Mtoto kanisifia mbele ya wakubwa zake. Nimwambie kachelewa?"

Basi wakaanza. Uani kwake wakajenga chumba cha nailoni kuzuia vumbi. Vioo vilioshwa kwa sabuni, kisha kwa spiriti, mpaka maji yakimwagiwa juu yake yatandae bila kujikunja matone. Baada ya hapo hakuna kushika kwa kidole, ni pembeni tu, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu. Unga ulichanganywa na spiriti na dawa ya kushikisha, ukawa kama maziwa yaliyopunguzwa. Manyunyu akavaa barakoa, akabana kiwiko, akapuliza. Vioo vikikauka, mke wake na binti walivipeleka katika tanuri la umeme la mfinyanzi wa vikombe aliyekuwa jirani. Moto uliongezwa kidogokidogo na kupunguzwa kidogokidogo, kwa kuwa kioo ukikiharakisha kinapasuka.

Vile vya kwanza vilitoka vizuri sana, kama kioo kilichopuliziwa pumzi asubuhi ya baridi. Vilikuwa vichache, na alivipaka asubuhi, mkono ukiwa bado umetulia. Wakavilaza kwenye mfereji wa bati ulioinama, pampu ndogo ikazungusha maji ya buluu juu yake, na jua likafanya kazi yake. Kufika alasiri maji hayakuwa na rangi tena. Binti akayapima maabara, majibu yakawa mazuri. Mama mwenye kiwanda, mwanamke mwembamba ambaye sijawahi kumwona amekaa, akaitazama chupa ile ya maji kwa muda mrefu.

"Nitengenezeeni vya kutosha kiwanda kizima," akasema. "Na msinicheleweshe. Mawingu hayo mnayaona."

Hapo ndipo maji yakazidi unga. Vioo sasa vilikuwa vingi, vimepangwa ukutani kama madirisha ya nyumba isiyojengwa. Hofu nayo ina tabia ya kuingia mkononi: kadiri alivyojiambia usitetemeke, ndivyo mkono ulivyocheza. Alijifunga mpira kwenye kiganja. Akajaribu kushoto. Binti alipokuwa kazini, alipuliza, akaona mawimbi, akafuta, akaosha, akapuliza tena. Vile vilivyokuwa vibaya kidogo akaviacha vipite, akijipa moyo kwamba tanuri litavinyoosha.

"Baba, unga unakwisha haraka," binti akasema siku moja, akichungulia ndani ya ndoo. "Nilikadiria ubaki zaidi ya huu."

"Labda ni bunduki. Inamwaga sana pembeni."

Aliniambia kwamba alipotamka maneno hayo alihisi uso unamwaka, kwa kuwa bunduki ile aliitunza kuliko viatu vyake, na binti alijua.

Mkewe ndiye aliyevunja ukimya. Ilikuwa asubuhi, wanajiandaa kwenda kazini, na yeye anamfunga vifungo vya shati.

"Mume wangu, tangu lini nakufunga vifungo?"

"Vifungo vya shati hili ni vidogo."

"Na la jana? Na la juzi?" Akamaliza cha mwisho, hakuuachia ule ukosi. "Utamwambia lini mtoto?"

"Mkaguzi akishapita."

"Na vioo vikiharibika mbele ya mkaguzi?"

"Havitaharibika."

"Mimi sitamwambia, kwa sababu mkono si wangu," mkewe akasema. "Lakini akiniuliza, sitamdanganya. Ujue hivyo."

Walipomaliza kuviweka vioo vyote kwenye mifereji nyuma ya kiwanda, nilikwenda kufunga nyaya za pampu. Wafanyakazi walitoka kutazama, mikono yao ya rangi rangi imening'inia. Binti akabonyeza swichi. Maji mekundu yakapanda kwenye bomba, yakateremka juu ya vioo kama shuka inayotandikwa. Watu wakanong'ona kwa furaha. Mama mwenye kiwanda alisimama amekunja mikono, na kwa mara ya kwanza nikaona mabega yake yameshuka.

Kisha mwanamke mmoja, rafiki wa shemeji, akasema taratibu, "Mbona yanakuwa kama maziwa?"

Kweli. Katika beseni la chini maji yalikuwa yanageuka rangi ya waridi iliyotiwa maziwa. Juu ya vioo utando ulikuwa unabanduka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Binti akazima pampu. Nikasikia matone tu.

"Mkaguzi anakuja wiki hii," mama mwenye kiwanda akasema. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kama ni hivi, heri niwaambie watu mapema watafute pengine."

Macho yote yakamgeukia shemeji, kana kwamba yeye ndiye aliyevipaka. Yeye akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama viatu vyake.

Siku iliyofuata binti hakwenda maabara. Alishinda uani, akipima kila kitu upya. Alikwenda kwa mfinyanzi, wakagombana kuhusu moto wa tanuri mpaka mfinyanzi akamwambia asirudi. Alichanganya unga upya, akajaribu sabuni nyingine. Manyunyu alikuwa anamwona kupitia dirishani, na kila alichokagua kilimchoma. Alasiri binti akaketi chini, kioo kilichobanduka kikiwa mapajani.

"Kosa ni langu, baba," akasema. "Nimekosea mchanganyiko na sijui wapi. Nakwenda kuwaambia wakubwa zangu waniondoe kwenye kazi hii, na mama mwenye kiwanda nimwombe radhi."

Manyunyu akatoka nje. Akaingia kwenye chumba cha nailoni, akatoka na bunduki na kioo kimoja kisafi. Akakiegemeza ukutani. Safari hii hakubana kiwiko wala hakujifunga mpira. Akanyoosha mkono kama alivyokuwa akiunyoosha zamani, akapuliza mbele ya mtoto wake.

Utando ukakaa kwa mawimbi, hapa umejaa, pale hakuna kitu.

"Si mchanganyiko wako," akasema. "Ni huu mkono."

Binti alikitazama kioo, kisha mkono, ambao ulikuwa bado unacheza na bunduki ndani yake.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniomba."

Binti akakiweka chini kioo kilichokuwa mapajani, polepole, hadi Manyunyu akatamani amtukane. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Nilikagua unga. Nilikagua tanuri, nikamkosea adabu mfinyanzi wa watu. Nikakagua hata maji ya kuoshea. Kitu kimoja tu sikukikagua, kwa sababu kilikuwa chako."

Akaondoka. Manyunyu alidhani kaenda zake moja kwa moja. Lakini alikuja kwangu. Nilikuwa nafungua taa ya lori nikamwona mlangoni, macho mekundu. Akakaa juu ya betri kuukuu.

"Baba mdogo, ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema, "Nilijua."

"Na mama?"

"Mama yako ana macho."

"Kwa hiyo mtaa mzima ulijua, isipokuwa mimi niliyekuwa nataka kuwajengea watu mtambo juu ya mkono huo." Akajifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Najua namna ya kumsamehe. Lakini leo siwezi."

"Hakuna aliyekuambia iwe leo."

Akainuka. Halafu nikaona anatazama rafu zangu, na uso wake umebadilika, kama mtu anayepiga hesabu.

"Una mota inayozunguka polepole?"

"Ya waipa."

"Kuna njia nyingine ya kupaka, ya kuchovya. Kioo kinazamishwa kwenye maziwa yale, kinavutwa juu polepole sana, utando unabaki umekaa sawa. Mashine yake hatuna, ndiyo maana sikuiwaza. Ila sasa sina cha kupoteza."

Tukafunga mota ya waipa kwenye fremu ya kitanda, tukaipunguza nguvu, kamba ikavuta kioo. Ilivuta kwa kushtuka. Kioo kikatoka na mistari kama pundamilia. Tukabadilisha kamba, tukatia grisi, mistari ikabaki. Manyunyu alikuwa amekuja, amesimama nje ya banda langu, haingii. Mtu katengeneza magari maisha yake yote, na leo anaogopa kizingiti cha rafiki yake.

Binti akamwona. Hakumkaribisha, ila alizungumza kwa sauti ya kufika mlangoni. "Tatizo ni kuinua. Chochote kinachoinua kinatikisika." Akaiacha kamba. "Basi kioo kikae. Tuteremshe maziwa."

"Kwa koki," Manyunyu akasema kutoka nje.

"Kwa koki ndogo sana. Ikishafunguliwa haiguswi tena."

"Ya tangi la pikipiki itafaa. Ninayo." Na hapo akaingia.

Shemeji akaomba kiwandani pipa jembamba, refu, la kuchovyea nyuzi. Manyunyu alitoboa chini, akafunga koki, akaziba kwa gundi ya magari, akajaribu kwa maji mpaka lisivuje hata jasho. Kazi hiyo mkono wake uliimudu, kwa sababu spana haina haja ya utulivu kama rangi. Wakasimamisha vioo ndani, wakajaza maziwa, wakafungua koki kidogo kabisa.

Tuliokuwepo tulikatazwa kutembea. Hatua moja ya mguu ilitia mawimbi ndani ya pipa. Tukasimama kama watu wanaopigwa picha, tukiutazama mstari mweupe ukishuka juu ya kioo, polepole, kama kivuli kinavyoshuka ukutani. Nyuma yake kioo kilibaki kimefunikwa na ukungu usio na kasoro. Moyo ulikuwa unanidunda nikaogopa nao utatikisa pipa.

Kisha lori likapita barabarani, ardhi ikatetemeka, na mstari ukaonekana katikati ya kioo.

Binti akafumba macho. Manyunyu akatoka mbio. Nikamfuata nikamkuta amesimama katikati ya barabara, mikono juu, amezuia lori la pili, lililobeba matofali.

"Nipe muda kidogo, ndugu yangu. Kuna kitu ndani hakitaki kusumbuliwa."

"Mgonjwa?" dereva akauliza, akizima injini kwa heshima.

"Kioo."

Dereva alimtazama mtu huyu mzima, mwenye unga mweupe mpaka kwenye nyusi, mikono inatetemeka hewani. Sijui alidhani nini. Akavuta kiti nyuma akajilaza. Ndivyo tulivyoendelea mpaka jua likashuka na kesho yake tena: ndani wanashusha maziwa, wanakausha, wanarudia, kwa sababu tabaka moja halitoshi. Nje Manyunyu anabembeleza madereva. Wengine walimtukana, wengine walishuka kusaidia kuzuia wenzao. Mfinyanzi alikubali kufungua tanuri baada ya binti kwenda kumwomba radhi, tena mbele ya wateja wake, kama alivyotaka.

Hata hivyo vioo havikutimia. Unga uliobaki ulitosha chini ya nusu ya mifereji. Siku ya kuamkia ukaguzi baba na binti wakaenda pamoja kwa mama mwenye kiwanda. Manyunyu ndiye aliyesema. Alimwambia yote, mkono, uongo wa bunduki, na vioo alivyoviacha vipite huku akijua.

"Kwa hiyo ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mkeo anakula mshahara wangu."

"Yeye hakupaka hata kimoja."

Mama akamgeukia binti. "Na wewe unataka nimwonyeshe mkaguzi nusu mtambo?"

"Nataka umwonyeshe unaofanya kazi. Kesho tieni rangi vitambaa vichache, maji yawe kiasi cha vioo tulivyo navyo. Na tumwambie hivyo."

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Lakini asubuhi nusu ya wafanyakazi walikuta zamu yao imefutwa, wakakaa nje ya ukuta, wakimtazama Manyunyu akipita. Kupita pale alijikaza kisabuni.

Mkaguzi alifika na chupa zake. Binti akamweleza hali ilivyo bila kuficha, mtu yule akaitikia kwa kichwa. Pampu ikawashwa. Maji ya waridi, ambayo tope lake lilikwisha kutua mashimoni, yakaanza kuzunguka juu ya vioo. Na wakati huo huo wingu likaja likalifunika jua.

Tulisubiri. Shemeji alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya aproni yake. Wingu lilikaa kama lililoalikwa. Maji yalibaki ya waridi, yakizunguka bure. Mkaguzi akageuza ndoo juu chini akaikalia, akakataa chai, akakataa kiti. Manyunyu alisimama karibu na mfereji akivikodolea macho vioo, akitafuta kipande cheupe kinachoelea. Hakukiona. Utando ulikuwa umeshika.

Wingu lilipoondoka, joto likatupiga usoni. Kwa muda hatukuona badiliko lolote. Kisha shemeji, ambaye amezoea kupambanua rangi kuliko sisi sote, akasema, "Inaondoka."

Ikaondoka kweli, pole pole, waridi ikawa kama chai ya mgonjwa, kisha kama maji ya mchele, kisha maji. Hakuna aliyepiga makofi. Mkaguzi akajaza chupa zake.

"Macho yangu yameridhika," akasema. "Lakini mimi si macho. Ngojeni maabara, na si maabara ya binti huyu."

Kungoja huko ndiko kulikomkondesha Manyunyu. Alikuja gereji, akakaa bila kufanya kitu. Majibu yalipokuja, yalikuwa hivi: kwa kiasi kile cha maji, sawa. Zaidi ya hapo, marufuku mpaka vioo viongezeke na vipimwe tena. Kiwanda hakikufungwa, lakini kilifanya kazi nusu kwa miezi kadhaa, na wapo mtaani waliokaa bila zamu kwa sababu hiyo. Mmoja wao hadi leo hamwamkii Manyunyu. Vioo vilipoongezeka, wote walirudishwa. Siku za mawingu maji huwekwa kwenye matangi yakisubiri jua.

Rangi za magari aliziacha. Alimwambia mwenye gereji mwenyewe, na mwenye gereji, ambaye alikwisha kuona milango ikisuguliwa mara mbili mbili, akamweka kwenye kuchanganya rangi. Jicho lake bado halina mfano. Mwenye gari akileta kipande cha bampa kilichopauka, Manyunyu anampa rangi ile ile kwa kutazama.

Hospitali hakutaka kwenda. Alikuwa anaogopa kuambiwa ana ule ugonjwa unaomgeuza mtu kuwa jiwe mwili mzima. Binti ndiye aliyekuja kumchukua. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu siku ya bunduki, salamu tu na mambo ya vioo. Ilipofika zamu yake, daktari akamtembeza chumbani, akamkunja viwiko, kisha akampa kalamu na karatasi.

"Chora duara linalozunguka kama nyumba ya konokono, kutoka katikati kwenda nje. Usiegemeze mkono."

Manyunyu alimtazama binti yake. Binti akatazama dirisha. Akachora. Mstari ulitoka umejaa meno kama msumeno. Aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuona aibu kama ile, hata barabarani mbele ya malori hakuiona.

"Kuna mtu mwingine kwenu aliyekuwa hivi?" daktari akauliza.

Akafikiri. "Mama yangu. Akimimina maji, yalienda mezani. Tulijua ni uzee."

"Basi si ule ambao kila anayetetemeka huja akiuogopa," daktari akasema. "Huu ni mtetemo wa ukoo. Haukuui. Kuna dawa za kuupunguza, kuumaliza hakuna. Mara nyingi unashuka kwa watoto, si kwa wote."

Manyunyu akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, na hapo hapo akageuka, kwa sababu alikuwa amesikia maneno ya mwisho. Binti yake alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza ya daktari, anaitazama.

Akachukua kalamu. Bila kuombwa, akachora la kwake kando ya lile la baba yake, mkono hewani, taratibu. Likatoka laini.

"Wewe huna neno," daktari akasema.

"Kwa leo," binti akasema. Akamsaidia baba yake kuvaa koti, akamfunga kifungo cha juu, na Manyunyu akamwacha amfunge. Wakatoka kutafuta dirisha la dawa, ambalo lilikuwa na foleni ndefu, wakapanga foleni pamoja, wakianza sasa kuzungumza.